Kona Niliyoichora kwa Rula

Sekela mwanangu,

Umekwenda Ngonga kumuaga mama yako mdogo, na ninavyomjua hatakuachia kabla hujala na kufungiwa mchele wa safari. Nina saa tatu au nne za peke yangu. Nimekaa kwenye meza yetu ya kazi, ile yenye madoa ya kahawia yasiyotoka, na nimeamua kuandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitafanya kama ninavyofanya siku zote. Nitaeleza jambo jingine, kwa ufasaha, mpaka gari lako liondoke.

Habari za kuishi na watu sitakuandikia. Shangazi yako wa Iringa atakufundisha akiwa amekaza uso, utamzoea. Wewe umeendesha nyumba hii tangu una miaka kumi na mitano. Kama kuna wa kuachiwa maagizo hapa ni mimi, nisije nikasahau kakao juani mvua ikainyeshea.

Nataka kukueleza kona moja.

Utakumbuka ulivyoanza. Ulikuwa darasa la sita, na mimi nilikuwa nimestaafu kufundisha fizikia, nimerudi Ipyana na masanduku mawili ya vitabu na sanduku moja la redio mbovu. Vijana wenzako walikuwa wanacheza, wewe unakuja kusimama hapa ubavuni kwangu kutazama nikichora saketi kwenye kibao cha shaba. Nilikufundisha yote polepole: kusugua shaba kwa majivu mpaka ing'ae, kuchora njia za umeme kwa maka peni, kukazia juu yake kwa rangi ya kucha ya mama yako. Halafu tunakizamisha kibao kwenye beseni la plastiki lenye dawa ya kula shaba, ile ya rangi ya chai iliyokolea, na tunalitikisa beseni taratibu kama mtu anayepepeta. Palipochorwa panabaki. Pasipochorwa panaliwa. Ulikuwa unahesabu dakika kwa sauti.

Siku moja uliniuliza, "Baba, umeme ukifika kwenye kona unapunguza mwendo kama bodaboda?" Nilicheka sana, nikakuambia hapana, umeme wa vyombo vyetu vidogo haujali kona. Upinde utakavyo, utapita. Jibu lile lilikuwa sahihi, na leo ningelijibu vilevile. Lakini nilikujibu nusu, na nusu niliyoiacha ndiyo inayonifanya niandike.

Umeme haujali kona, ila dawa inajali. Dawa haili kutoka juu peke yake, inaingia pia kutoka pembeni, chini ya wino. Njia iliyonyooka inaliwa kingo mbili kidogo kidogo, na inabaki na mwili wake. Kona kali ina ncha, na ncha inashambuliwa kutoka pande mbili kwa mara moja. Kwa ndani ya kona ile, dawa hujibana, na hata ukisuuza kwa maji mengi hubaki unyevu wake kidogo, ukaendelea kula taratibu, miezi na miezi, hasa katika joto na unyevunyevu huu wa Kyela. Tena mtu anayechora kwa rula hainamishi mkono kuzunguka. Anapiga mstari mmoja, anainua kalamu, anageuza rula, anapiga wa pili. Pale mistari inapokutana ndipo wino ulipo mwembamba kuliko pote. Ndiyo maana fundi mzuri hukunja njia kwa mizunguko, au huikata kona mara mbili kwa ulalo, isibaki ncha. Anaogopa beseni kuliko anavyouogopa umeme.

Haya yote niliyajua. Nilikuwa nayajua siku ile ulipoyataja.

King'ora tulikitengeneza baada ya mafuriko yaliyobeba mbuzi wa jirani zetu. Hapa kwetu mto haujazwi na mvua ya hapa. Mvua inanyesha juu kule Rungwe, sisi huku bondeni tuna jua na anga la buluu, na mto wetu Kiwira anakuja mzima mzima. Nikawaza: spoki mbili za baiskeli kwenye mwanzi ukingoni, maji yakizifikia yanaunganisha umeme mdogo, transista inaamka, rilei, ile swichi ya sumaku, inafunga, honi ya lori inalia mpaka Bujonde wasikie. Ulikuwa kidato cha pili. Saketi niliibuni mimi, wewe ukapewa kulehemu.

Kibao kilikuwa kidogo. Njia ya kwenda kwenye honi ilitakiwa kuwa pana, kwa sababu honi ya lori hunywa umeme mwingi, ikanilazimu kuipitisha kati ya mguu wa rilei na tundu la skrubu, na pale nikaigeuza kwa kona kali, kali kuliko mraba, kama ncha ya mundu. Ulikuwa umeinama karibu yangu. Ulisema:

"Baba, hiyo kona izungushe kidogo."

"Mhandisi huchora kwa rula," nikakujibu.

"Lakini italiwa."

"Nani mwalimu hapa?"

Mama yako alikuwa mlangoni anachambua mchele, akatia neno lake bila kuinua kichwa. "Mwalimu, kwetu Ikombe chungu hakina kona. Ukikipa kona moto unaingilia hapohapo."

"Mke wangu, hiki si chungu."

"Ndiyo, nimeona. Chungu kinapikia."

Ulicheka mpaka ukaweka kalamu chini. Hata mimi nilicheka. Lakini sikuizungusha. Nilitaka kibao kile kiwe kizuri. Nilitaka siku watu watakapofungua kisanduku waone mistari iliyonyooka kama ya kiwandani, waseme Mwalimu bado ni Mwalimu. Mtu aliyestaafu huwa na kiu kama hiyo, na huwa haisemi.

Tulipokitoa kwenye beseni niliiona kona ile. Ilikuwa imeliwa. Palipotakiwa kuwa na upana wa kidole cha mtoto palibaki shingo nyembamba kama unywele. Wewe ulikuwa umekwenda kumwaga maji. Nilipitisha rangi ya kucha juu yake, nikakuita uje ulehemu.

Ulipomaliza kulehemu ulinionyesha kiungo kimoja. Kilikuwa kimepoa vibaya, rangi ya kijivu, hakikung'aa kama vingine. "Baba, hii nirudie?" Nikaangalia, nikakuambia, "Iache, inatosha." Na kweli ilitosha. Nakuomba usome hapo mara mbili, Sekela. Ilitosha.

Siku tuliyokifunga mtoni, honi ililia. Watu walipiga makofi, wazee wakaniambia ndaga fijo, asante sana, na mama yako alisimama kando amejishika kiuno, anajifanya hajali. Kila Jumamosi tulikuwa tunazamisha zile spoki kwenye ndoo kujaribu. Kisha ikaja ile misiba mitatu iliyofuatana kijijini. Kwetu huwezi kupiga honi ya lori watu wakiwa wamekaa matanga. Nikaitoa honi kwenye waya, tukawa tunajaribu kwa balbu ndogo ya tochi. Wiki ya kwanza balbu iliwaka. Ya pili ikawaka. Wiki tano ikawaka, nami narudi nyumbani nimeridhika, naandika kwenye daftari, "Kizima."

Nilifundisha somo hilo miaka thelathini. Balbu ya tochi inahitaji umeme kidogo mno, unaweza kuipitishia kwenye unywele. Honi inataka mto. Shingo ile ilikuwa inazidi kuliwa chini ya rangi, na mimi nilikuwa naiuliza swali jepesi kila Jumamosi, nayo inanijibu vizuri.

Misiba ilipokwisha niliirudisha honi. Sikuijaribu. Ilikuwa wakati wa kuvuna, kila mtu yuko shambani, nikasema nitajaribu Jumamosi.

Ilikuwa Alhamisi. Jua kali. Mama yako na Mama Gwantwa walikuwa kwenye mpunga kule bondeni, kila mmoja na kisu chake. Hili nililolisikia kwa Mama Gwantwa sijawahi kukuambia, maana alinieleza mimi peke yangu, siku ya kuanua matanga, huku anaangalia chini. Alisema yeye ndiye aliyeinuka kwanza.

"Nikamwambia, jirani, mto umebadilika sauti. Tupande."

"Naye?"

"Alisikiliza. Kisha akasema, king'ora cha mume wangu hakijalia. Ngoja nimalize mganda huu."

Mama Gwantwa alipanda peke yake. Alipofika kwenye mgomba wa kwanza akageuka, na pale walipokuwa wamesimama palikuwa na maji.

Mama yako alikulia Ikombe, mwanangu, mlima mgongoni na ziwa miguuni. Kabla sijamletea king'ora alikuwa akienda shambani anashuka kwanza ukingoni, anatazama rangi ya maji, anachota kidogo kiganjani, anasikiliza. Nilikuwa namtania kuwa anaongea na mto. Baada ya king'ora aliacha. Sikumlinda tu vibaya. Nilimvua ulinzi aliokuwa nao, nikampa wangu, na wangu ulikuwa na kona.

Alipatikana siku ya pili kwenye matete, karibu na ziwa. Hilo unalijua.

Asubuhi ya mazishi, kabla watu hawajajaa, nilikwenda mtoni nikafungua kisanduku. Mwanzi ulikuwa umelala majini lakini kisanduku kilikuwa juu ya nguzo yake, kikavu. Nilikuwa na lenzi mfukoni. Rilei ilikuwa imefunga kama ilivyoagizwa. Kiungo chako cha kijivu nilikivuta kwa koleo, kimeshika. Kikapitisha umeme bila shida. Kisha nikaangalia kona. Palikuwa na pengo jeusi, na kila upande wa pengo kulikuwa na kipunje cha shaba iliyoyeyuka, kidogo kama yai la chawa. Honi ilipoita umeme, kona yangu iliungua. Haikuchukua hata kupepesa jicho.

Nilirudi nyumbani nikijua. Nataka ujue hivyo: nilirudi nikijua.

Na wewe unajua desturi yetu. Mtu hazikwi mpaka wa nyumba yake asimame uwanjani aeleze alivyokufa, na ndugu wa marehemu wana haki ya kuuliza. Nilisimama. Nilieleza mvua ya Rungwe, nilieleza shamba, nilieleza mto. Mjomba wako Anyelwisye, aliyekuja na mtumbwi usiku kucha kutoka Ikombe, akainuka. Hakupaza sauti.

"Shemeji, mlituambia dada yetu analindwa na honi. Honi ilikuwa wapi?"

Ningeweza kusema maneno matatu tu: nilichora vibaya, nikaficha. Mjomba wako angenitukana, pengine angenipiga, na yangekwisha siku ile. Badala yake nilisema:

"Kuna lehemu iliachia. Mtoto alikuwa anajifunza."

Sikutaja jina. Wakati huo huo nilijidanganya kuwa sijamtaja mtu. Lakini wewe ulikuwa unapita na jagi, unawanawisha wageni mikono. Nilikuona ukisimama. Uliliweka jagi chini, taratibu, ukaliweka sawa lisianguke, ukaingia ndani. Mjomba wako alikutazama ukienda, kisha akasema, "Basi. Mtoto ni mtoto," akakaa. Alinisamehe kwa ajili yako. Watu wakaguna kwa huruma. Nami nikapokea huruma yao, nikaitia mfukoni pamoja na lenzi.

Ulikuja kwangu siku tatu baadaye. Ulisimama hapo mlangoni, palepale mama yako alipokuwa anachambulia mchele.

"Ni ile ya kijivu, Baba?"

Nilikuwa na nafasi ya pili, hatukuwa na watu, hakuna wa kunicheka. Nilikuambia, "Usijisumbue na hayo. Yamepita." Nilidhani nasema neno la upole. Mtu akikuambia usijisumbue, amekuambia ndiyo.

Tangu hapo hukugusa tena kichomeo cha lehemu. Nilisema ni majonzi, yatakwisha. Ulimaliza kidato cha nne, fizikia ukaifaulu kuliko wavulana wote, ukaitwa chuo cha ufundi Mbeya, na ile barua ukaiweka chini ya kopo la chumvi mpaka siku za kuripoti zikapita. Nilikuuliza kwa nini. Ulijibu ukiwa unaosha vyombo, umenipa mgongo: "Nataka kushona, Baba. Mshono ukiachia, mtu anashona tena."

Nilitoka nje. Nilikwenda hadi kwenye kakao nikasimama katikati ya miti kama mwizi. Nilijua nimesikia hukumu yangu, na aliyeitoa hakujua kuwa anahukumu. Hata siku ile sikurudi kukuambia. Yapata mwaka sasa.

Nimejiuliza sana kwa nini. Nimefundisha watoto wa watu kusema "sijui" na "nimekosea" bila kuona haya. Nilikuwa nampa maksi zaidi mwanafunzi aliyeonyesha kosa lake kuliko aliyelifuta. Jibu nililopata halinipendezi. Kuficha kosa ni kama ile rangi ya kucha. Siku ya kwanza unapitisha mara moja, unasema nitarudi kulishughulikia. Chini yake linaendelea kula. Juu panang'aa. Kila siku inayopita, cha kufunua kinakuwa kibaya kuliko jana, na mkono wako unakuwa mwepesi zaidi wa kuongeza rangi. Sikuwa na nia ya kukupoteza. Nilikuwa naahirisha tu, kama nilivyoiahirisha honi hadi Jumamosi.

Sikuandikii ili ubadili safari. Nafasi ya Mbeya imepita, na hata kama ingekuwapo sina mdomo wa kukushauri. Kushona ni kazi nzuri. Ila nisingeweza kukubali uende kushona kwa sababu ya uongo wangu bila kujua kuwa ni uongo. Ukishona, ushone kwa kupenda. Mikono yako haina damu. Kwenye meza hii mikono iliyokosea ilikuwa miwili, na yote ni yangu.

Wala sikuombi unisamehe. Nimelipima neno hilo wiki nzima nikaona kuwa kukuomba ni kukupa kazi nyingine, na nimeshakupa ya kukutosha. Ukiamua kutoniandikia kutoka Iringa, nitaelewa. Nitakaa hapa, nitageuza kakao, na jioni nitashuka mtoni kutazama rangi ya maji kama alivyokuwa anafanya. Nimeanza kujifunza. Sioni kitu. Yeye alikuwa anaona, mimi naona maji tu.

Pamoja na barua hii kuna kitu nimekifunga kwenye kipande cha kitenge chake cha kijani. Ni kibao chenyewe. Nilikudanganya kuwa nilikitupa shimoni. Nimekihifadhi kwenye kile chungu chake cha Ikombe kilichopasuka mdomo, juu ya kabati, mahali ambapo hukuwa na sababu ya kutazama. Rangi nimeikwangua. Lenzi nimeiweka pia. Tazama kwanza kiungo chako, kile cha kijivu, uone kilivyoshika hadi leo. Kisha fuata njia ya honi mpaka kwenye ncha. Huhitaji mwalimu, utaona mwenyewe.

Kesho asubuhi watakuja kukuombea kabla ya safari. Mama yako mdogo atakuwapo, Mama Gwantwa atakuwapo, na nimemtumia ujumbe mjomba wako Anyelwisye, amejibu kuwa anakuja. Kabla ya sala watasema, kama desturi, baba asimame aseme neno. Nitasimama mahali palepale niliposimama siku ile. Nimekusudia kusema sentensi moja, kuifuta ile nyingine. Nimekuandikia leo ili nitakapoisema uwe unaijua tayari, na usiwe umeshika kitu mkononi.

Lakini unanijua, nami najijua. Huenda nikasimama, nikaziona zile nyuso, nikaanza kueleza mvua ya Rungwe. Ikiwa hivyo usinikonyeze, wala usinisubiri. Fungua kitenge, umpe mjomba wako kibao na lenzi, umwonyeshe kona.

Baba yako